Kidole Tumbo Hakingoji



Mwezi huu napenda kuwakumbusheni jambo nililojifunza kwa majuto. Korona ilithibitishwa nchini mwetu tarehe 16 Machi 2020, na siku ya pili yake Serikali ikafunga shule. Nasi hapa Mbeya tukawaambia watoto wa chuo wakae kwao. Hofu ikawa kubwa. Mtu akiambiwa aende hospitali alijiona anakwenda kuutafuta ugonjwa.

Usiku mmoja wa Aprili, baada ya Isha, mama wa mwanafunzi wangu wa miaka 9 alibisha hodi. Mtoto alikuwa akiumwa na tumbo tangu asubuhi, kwanza penye kitovu, kisha chini upande wa kulia. Ametapika, na chakula hakitaki. Mumewe alikuwa kazini Iringa, naye kwa simu amesema asubiriwe. Mama akanitaka shauri. Nikamsomea mtoto dua, nikasema, "Mwanangu, Mtume wetu ametukataza kuingia penye tauni. Mpe chai ya tangawizi, mngoje baba yake."

Alfajiri maumivu yakapungua ghafula, tukamshukuru Mungu. Kumbe ndipo mambo yalipoharibika. Jioni tumbo likawa gumu kama ubao na homa ikapanda. Baba aliposhuka katika basi tukamkimbiza mtoto hospitali, akapasuliwa usiku ule ule. Kidole tumbo kilikuwa kimekwisha pasuka. Alilazwa zaidi ya majuma mawili, alhamdulillahi, akapona. Shauri lile lilikuwa langu, wala simlaumu mwingine.

Kidole tumbo ni kijifuko chembamba kilichoungana na utumbo mpana. Tundu lake likizibwa huvimba na kujaa usaha, na mara nyingi hupasuka baada ya siku moja hadi tatu. Kikipasuka, maumivu huweza kutulia kwa kitambo, kisha usaha ukaenea tumboni. Tiba yake si ngeni: mwaka 1735, huko London, tabibu Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka 11 akakiondoa kidole hicho, na mtoto akapona. Na mwaka 2020 madaktari wa Italia, Marekani na kwingineko waliandika kwamba watoto wengi kuliko desturi walifikishwa kwao kikiwa kimepasuka. Na sababu moja waliyoitaja ni wazazi kuichelea Korona.

Basi zijueni alama zake. Maumivu huanza penye kitovu, yakahamia chini kuume. Mtoto hukataa chakula, hutapika, hupata homa. Hutembea ameinama, na akikohoa au kuruka huumia zaidi. Kwa watoto wadogo sana alama hizi hujificha, kwa hiyo tahadhari yao iwe kubwa zaidi. Msimpe dawa ya kuharisha, msimkande tumbo, msimlishe. Mpelekeni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Na maumivu makali yakikoma ghafula, msifurahi kabla daktari hajamwona.

Ama mafundisho ya tauni, mimi niliyatumia pasipo mahali pake. Makusudi yake ni kuzuia ugonjwa usihamishwe kutoka nchi moja hata nyingine. Hospitali ya mji wetu si nchi nyingine. Mtume huyo huyo ametuamrisha tujitibu. Mvisheni mtoto barakoa, naweni mikono, mwende. Dua isomwe njiani. Dua na daktari havigombani.

Nanyi waume mnaosafiri, baina ya Mbeya na Iringa au kokote, achieni wake zenu ruhusa na nauli kabla hamjaondoka. Mke asilazimike kungoja simu huku mtoto anaumia. Maradhi ya kuenea yaweza kuja tena. Korona haikuwa ya kwanza. Yakija, yasitukute tena na shauri kama lile langu.

Wabillahi tawfiq.

Mwalimu wa Chuo, Mbeya