Tusiwakataze Vyuma, Tuwasimamie

Jioni katika mitaa mingi ya miji yetu huonekana vijana wakinyanyua vyuma vya kujitengenezea: bomba lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji. Mzazi apitaye hapo humkanya mwanawe: "Acha hayo, utadumaa!" Onyo hilo hutokana na mapenzi, lakini si la kweli.

Mifupa ya mtoto hurefuka katika sehemu laini za gegedu zilizo karibu na ncha zake. Zamani ilihofiwa kwamba uzito ungeziharibu. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, American Academy of Pediatrics, kilieleza kwamba mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vema hayazuii kimo. Tena huimarisha mifupa, na humpunguzia mwanamichezo hatari ya kuumia uwanjani, awe mvulana au msichana.

Kabla ya kubalehe, mtoto hupata nguvu bila misuli kutuna, kwa kuwa mishipa ya fahamu hujifunza kuiamsha misuli vizuri zaidi. Asitamani basi kifua cha kaka yake.

Wanaoumia, wengi wao huumia nyumbani wasipokuwa na msimamizi: chuma humponyoka na kumwangukia mguuni, ama mgongo hupinda kwa mzigo uliomzidi. Makopo yale mara nyingi hata hayalingani uzito.

Utaratibu ni huu. Mtoto aanze pale awezapo kufuata maagizo, yapata miaka 7 au 8. Kwanza apashe mwili moto kwa dakika 5 hadi 10. Kisha atumie uzito wa mwili wake mwenyewe: kuchuchumaa na kuinuka, kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono. Akishayamudu hayo, apewe uzito mwepesi awezao kuunyanyua mara 8 hadi 15 bila kupinda mgongo. Siku 2 au 3 kwa juma zatosha, zisizofuatana. Asijaribu uzito wa mwisho wa uwezo wake kabla hajakomaa. Akihisi maumivu, aache. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza.

Ndugu mzazi, leo jioni usipite ukikemea. Simama, utazame mgongo wa mwanao, umpunguzie mzigo. Samaki mkunje angali mbichi.