Tusiisingizie Bahari

Imekuwa ada katika maofisi yetu ya visiwani kwamba mtandao unapozorota, kidole cha kwanza huelekezwa baharini. Karani humwambia mwananchi aliyekuja na boti ya asubuhi kutoka Pemba kwamba mkongo una matatizo, mwananchi huyo hujiinamia akaenda zake, na mkuu wa ofisi huandika barua ya kuomba fedha za kununulia kasi kubwa zaidi. Hakuna aliyepima kitu. Safu hii inapenda leo kulizungumza jambo hili kwa urefu kidogo, kwa kuwa ipo aina moja ya uzorotaji isiyokuwa na uhusiano wowote na bahari, nayo ni ile inayoanza siku ile ile kompyuta inapotiwa programu ya mashine pepe.

Haitufai kuwabeza watu wa visiwa kwa kuitazama bahari kwanza. Sababu tunazo. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 Unguja ilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme wa gridi kutokana na hitilafu katika njia ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka Bara, na kila aliyekuwapo anakumbuka shida ya maji na mngurumo wa majenereta. Kadhalika, tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya mawasiliano, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu kwa pamoja, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika vibaya kwa kukosa intaneti. Hayo yalikuwa ya kweli. Lakini mkongo ukikatika huzorota mji mzima. Kompyuta moja ikilala, hali ya kuwa jirani yake juu ya meza hiyo hiyo inakwenda mbio, bahari imeingiaje hapo?

Mashine pepe ni kompyuta iliyo ndani ya kompyuta. Kompyuta yenyewe, ile ya chuma, huitwa mwenyeji. Na ile iliyoumbwa kwa programu tu, yenye mfumo wake wa uendeshaji, huitwa mgeni. Fikra hii si mpya, kwani wahandisi wa IBM waliianza katika miaka ya 1960 kwenye mitambo mikubwa. Ilipofika 1999 kampuni ya VMware iliileta kwenye kompyuta za mezani, VirtualBox ikafuata 2007, na Microsoft ikaitoa Hyper-V pamoja na Windows Server 2008. Katika ofisi za umma programu hizi huingia aghalabu kwa sababu moja: upo mfumo wa zamani wa mahesabu au wa kumbukumbu ulioandikwa kwa ajili ya Windows XP, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP mwezi Aprili 2014. Kompyuta mpya haziukubali mfumo huo. Basi fundi humtia mgeni wa zamani ndani ya mwenyeji mpya, na kazi ikaendelea. Uamuzi huo ni wa busara, maana huokoa kitu kilichogharimu fedha za wananchi.

Taabu ni kwamba mgeni haji mikono mitupu. Programu ya mashine pepe inapowekwa, humwongezea mwenyeji kadi za mtandao ambazo hazikuwapo. VMware huweka mbili, moja ya mazungumzo baina ya mwenyeji na mgeni tu, na nyingine ya kumtoa mgeni nje kwa jina la mwenyeji, kwa njia iitwayo NAT. VirtualBox huweka yake, ambayo aghalabu hupewa anwani 192.168.56.1. Zaidi ya hayo, hukaa juu ya kadi halisi kijiprogramu cha daraja ambacho kila kinachopita, kwenda na kurudi, sharti kipite mkononi mwake. Na Hyper-V inapotengenezewa swichi pepe ya nje, mwenyeji mwenyewe huhamishwa nyuma ya swichi hiyo. Mwenye nyumba amekuwa mpangaji! Ndiyo maana mtu huzima mashine pepe, akadhani amemaliza, kumbe uzito uko pale pale. Mgeni amelala lakini mizigo yake imeziba mlango.

Tuseme wazi mahali ambapo kasi hupotea. La kwanza ni kadi kugombea utangulizi. Windows humpa kila kadi nambari ya daraja, na yenye nambari ndogo ndiyo hutangulizwa. Kadi pepe ikipata nambari ndogo kuliko kadi halisi, maulizo ya majina ya tovuti huweza kupelekwa kwanza mahali pasipokuwa na wa kuyajibu, na kompyuta ikakaa kusubiri kabla ya kujaribu njia ya pili. Alama yake ni hii: ukurasa huchelewa kuanza kufunguka, lakini ukishaanza huja kwa kasi. Dawa yake ni kuifungua kadi pepe, kuondoa upangaji wa nambari wa kujiendesha wenyewe, na kuipa nambari kubwa kwa mkono. Ni kazi ya dakika mbili.

La pili ni mgongano katika ukataji wa mafurushi. Furushi la data kwenye waya wa kawaida wa ofisi halizidi baiti 1,500 za mzigo. Ili kuipunguzia kompyuta kazi, kadi za siku hizi huachiwa zipokee bonge kubwa la data na kulikatakata zenyewe, na mpangilio huo kwenye sifa za kadi umeandikwa Large Send Offload. Peke yake una manufaa. Lakini baina ya kompyuta na waya akikaa mtu wa kati, yaani daraja au swichi pepe, huweza kutokea kutoelewana, mafurushi yakapotea na kutumwa upya mara kwa mara. Hapo upakuaji huweza kuwa wa kawaida huku upelekaji ukitambaa. Kuzima mpangilio huo kwenye kadi halisi na kwenye kadi pepe kumewaponya wengi. Kwenye seva lipo jambo la jamii hiyo hiyo: katika Windows Server 2012, mashine pepe za Hyper-V zilizotumia baadhi ya kadi za Broadcom za gigabiti moja zilizorota vibaya kwa sababu ya kipengele kiitwacho VMQ, mpaka kipengele hicho kizimwe au programu ya kadi ifanywe upya. Seva za aina hiyo bado zinaonekana katika maofisi.

Juu ya mtandao usiotumia waya nitasema kwa ufupi tu. Kituo cha Wi-Fi kwa kawaida hukubali kila kifaa kwa anwani moja ya kadi, na mgeni aliyeunganishwa kwa daraja huja na ya pili. Programu hulazimika kutafsiri kila kitu. Penye waya, tumieni waya. Pasipo na waya, mgeni apitishwe kwa NAT.

Sasa tuje kwenye taksiri yenyewe, ambayo si ya kadi wala ya programu. Ni tabia ya kuhukumu bila ya kupima. Mwandishi wa safu hii amewahi kusimama katika ofisi moja ya umma ambamo kompyuta iliyolaumiwa ilikuwa ya tatu mstarini, na mbili za kwanza, kwenye swichi ile ile, zikifanya kazi vizuri. Hakuna aliyeshangaa. Barua ya kuomba kasi zaidi ilikuwa imeshapigwa mhuri. Lau kasi ile ingenunuliwa maradufu, kompyuta ile ingebaki vile vile, na ankara ya kila mwezi ingekuja kwa ukamilifu.

Vipimo vinavyotakiwa ni vitatu na havihitaji mtaalamu wa kigeni. Pimeni kasi ya kompyuta inayolaumiwa, kisha ya jirani yake aliye kwenye swichi hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Kisha pimeni kutoka kompyuta moja hadi nyingine ndani ya jengo, kwa programu ya bure iitwayo iperf3. Ikiwa hata ndani ya jengo data inatambaa, mkongo hauhusiki kamwe. Halafu fungueni sifa za kadi halisi, ondoeni alama kwenye kijiprogramu cha daraja cha VMware au VirtualBox, mpime tena. Anayemtoa mgeni kwa NAT hana haja na daraja hilo hata kidogo. Badilisheni jambo moja kwa wakati mmoja, na liandikwe. Fundi anayebadili mambo matano kwa pamoja, kasi ikarudi, hajui kilichoponya, na wiki ijayo tatizo likiibuka chumba cha pili ataanza upya. Iwapo kasi ya mwenyeji ni nzuri na mgeni peke yake ndiye mzito, tazameni aina ya kadi aliyopewa na kama ametiwa vile vijiprogramu vya usaidizi vinavyokuja pamoja na mashine pepe. Na tusisahau kumbukumbu: mgeni aliyekatiwa nusu ya kumbukumbu ya mwenyeji humfanya mwenyeji akwame, na watu wakasema ni mtandao.

Wapo maofisa wanaotaka programu hizi zipigwe marufuku kabisa. Hatukubaliani nao. Marufuku hiyo ingetupa mifumo ya zamani ambayo kumbukumbu za watu zimo ndani yake, kabla ya kupatikana ya kuishika nafasi yake. Lakini tunakubaliana nao katika jambo moja: mgeni mwenye Windows XP, ambaye hapati tena marekebisho ya usalama, hana ruhusa ya kutoka nje kwenye intaneti. Apewe ile kadi ya kuzungumza na mwenyeji tu, na milango mingine ifungwe. Ofisi itakuwa salama zaidi, na daraja lisilotakiwa litakuwa limeondoka.

Visiwani tunao vijana waliotoka skuli na vyuo vyetu wanaoyaweza haya yote kwa asubuhi moja. Kinachowakwaza ni kwamba hawaitwi mpaka barua imeshakwenda, na wakiitwa hawapewi ruhusa ya kugusa sifa za kadi. Wakuu wa idara wawape ruhusa hiyo, na kila ofisi iwe na daftari moja linaloonyesha programu gani imewekwa kwenye kompyuta gani, tarehe gani, na kasi ilikuwa ngapi kabla na baada. Na barua ya kuomba kasi zaidi isipokewe mezani kwa mkurugenzi mpaka iambatane na karatasi yenye vipimo vile vitatu na sahihi ya aliyevipima.