Benki Hulipa Karatasi, Si Mzigo

Wahenga walisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari.” Katika biashara ya ng’ambo methali hiyo ina upande wa pili: daftari laweza kuwa safi kabisa, na mali ikapotea vile vile.

Mwuzaji na mnunuzi wakiwa katika nchi mbili tofauti, kila mmoja humwogopa mwenzake. Mwuzaji huchelea kupakia mzigo kabla ya kulipwa. Mnunuzi naye huchelea kulipa kabla ya kuuona. Ndipo benki huingia kati. Kwa ombi la mnunuzi, benki humwandikia mwuzaji barua ya dhamana isiyoweza kufutwa: alete ankara, hati ya shehena na karatasi nyingine zilizotajwa, naye atalipwa. Benki haifungui kasha hata moja. Kanuni za Chama cha Biashara cha Kimataifa cha mjini Paris, zilizotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1933 na kurekebishwa mara kadhaa hadi toleo lililoanza kutumika Julai 2007, zaeleza kwamba benki hushughulika na hati, wala si na bidhaa.

Basi itakuwaje karatasi zikiwa safi na makasha yakiwa na takataka? Swali hilo lilifika mbele ya Jaji Shientag mjini New York mwaka 1941. Mfanyabiashara aliyeitwa Sztejn alikuwa ameagiza kutoka India singa, yaani nywele ngumu za wanyama zitumiwazo kutengeneza brashi. Alidai kwamba mwuzaji alijaza makasha 50 nywele za ng’ombe na takataka, akayapakia melini, akapata hati ya shehena, kisha akaidai benki fedha. Sztejn akaomba mahakama iizuie benki kulipa.

Benki iliyowasilisha hati hizo kwa niaba ya mwuzaji iliomba kesi itupiliwe mbali. Jaji, akiyachukua madai ya Sztejn kuwa ya kweli kwa ajili ya uamuzi huo, alikataa kuitupa. Alieleza kwamba ugomvi juu ya ubora wa bidhaa hauihusu benki. Lakini mwuzaji aliyekusudia kulaghai, asiyepeleka bidhaa yoyote ya kweli, hawezi kukingwa na barua ya dhamana, iwapo benki imekwisha kuarifiwa kabla ya kulipa. Alitenga pia hali ya benki nyingine ambayo, bila kujua hila hiyo, imekwisha kuzitolea hati hizo fedha zake: asiye na hatia asibebeshwe hasara ya ulaghai wa mwingine.

Mlango huo ni mwembamba. Mjini London, katika kesi iliyoandikwa kwenye taarifa za sheria za mwaka 1958, wanunuzi wa Jordan waliagiza nondo za chuma kwa mafungu mawili. Walilalamika kwamba fungu la kwanza lilikuwa bovu, wakaomba malipo ya fungu la pili yazuiwe. Mahakama ya Rufani ilikataa. Nondo mbovu ni nondo; takataka si singa.

Katika taarifa za mwaka 1978 imo kesi iliyo chungu zaidi. Kampuni ya Kiingereza iliahidi kujenga vibanda vya vioo vya kuoteshea mimea nchini Libya, ikatoa kupitia benki dhamana ya asilimia 10 ya bei. Wanunuzi hawakufungua barua ya malipo kama ilivyopatanwa, hata hivyo wakaidai dhamana ile. Lord Denning na wenzake hawakuizuia benki. Dhamana ililipwa kwa kudaiwa tu, bila ushahidi, na ulaghai haukuthibitishwa.

Yaonekana ni ukatili, lakini iko sababu. Kama kila mnunuzi mwenye manung’uniko angeweza kukimbilia kwa hakimu na kufunga mkono wa benki, hakuna mwuzaji ambaye angeiamini barua ya benki tena, na shehena zingebaki bandarini. Ahadi ni deni, na benki isiyotimiza ahadi yake si benki. Mwenye manung’uniko hajanyimwa haki: amwendee mwuzaji mwenyewe, amdai fidia. Hata hivyo, kumdai mtu aliye ng’ambo na fedha tayari mfukoni ni kazi ngumu.

Kwa hiyo kinga ya kweli hutafutwa kabla ya kutia sahihi. Mnunuzi mwenye busara hudai kwamba miongoni mwa hati za malipo iwemo cheti cha mkaguzi asiye wa upande wowote, aliyefungua makasha na kuutazama mzigo kabla haujapakiwa. Cheti hicho kikikosekana, benki hailipi, wala hapana haja ya kumwamsha hakimu. Aliyesahau kukidai amenunua mbuzi kwenye gunia, na amri ya mahakama si kisu cha kulifungulia gunia hilo.