Shauri kwa Wenye Magari: Geji Zikidanganya, Tazama Chumvi Kwanza

Kusini ya Mombasa, tangu Likoni hata Lunga Lunga, si wachache wanaotunza magari ya zamani. Mojawapo ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa Uingereza tangu 1971 hata 1985. Gari kama hilo likianza kutoa taa hafifu na geji za ajabu, mwenyewe aghalabu hukimbilia dukani kununua betri mpya. Haupiti muda nayo ikafa, na fedha za nazi zimekwenda bure. Basi, ndugu msomaji, pima kabla ya kufungua mfuko.

Kwanza, tafuta mita ndogo ya volti. Betri ya volti 12 iliyojaa, gari likiwa limelala usiku kucha, huonyesha kama 12.6. Washa injini, ukanyage mafuta kidogo. Mita yapasa kupanda hata baina ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, betri hailishwi: tazama mkanda wa feni, kisha alteneta. Ikipita 15, kidhibiti cha volti kimeharibika, na betri itachemka. Tena, ufunguo ukifunguliwa kabla ya injini kuwaka, taa nyekundu ya chaji lazima iwake. Isipowaka, badili balbu yake kwanza, maana alteneta huanzishwa na umeme upitao katika balbu hiyo.

Pili, chunguza waya wa ethi, yaani ule unaofunga betri na chesisi, na mwenziwe uendao kwenye injini. Upepo wa Diani na Msambweni huchukua chumvi. Bodi ya Land Rover ni alumini na chesisi ni chuma. Metali hizi mbili zikutanapo penye chumvi, huliwa upesi. Injini ikinguruma na taa zikiwaka, weka ncha moja ya mita kwenye kichwa hasi cha betri, na ya pili kwenye injini. Ikionyesha nusu volti au zaidi, njia ya ethi imeharibika. Zima gari, fungua kichwa hasi, sugua kwa msasa mpaka metali ing'ae, kaza, upake grisi.

Tatu, zisome geji. Ya mafuta na ya joto zikipanda mno kwa pamoja, shuku kisanduku kidogo nyuma ya dashibodi kinachozipunguzia umeme hata kama volti 10, au ethi yake. Ikilala moja tu, kosa li katika waya wake au kipimio chake.

Kazi hii huchukua asubuhi moja. Lakini mgonjwa anapotakiwa kufikishwa hospitali ya Msambweni usiku wa manane, gari lisilowaka si hasara ya fedha tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.