UCHAMBUZI: Mchimbaji wa Taita asipolijua jiwe lake, dalali humpangia bei

BIASHARA ya vito katika Kaunti ya Taita Taveta ina kasoro moja ya tangu jadi: anayelitoa jiwe ardhini mara nyingi ndiye asiyejua thamani yake. Kasoro hiyo haidhihiriki popote kama katika tsavoraiti, ganeti ya kijani iliyopewa jina kutokana na Tsavo.

Jiwe hili liligunduliwa na mwanajiolojia Mskoti, Campbell Bridges, kaskazini mwa Tanzania mnamo 1967. Baada ya serikali ya huko kutaifisha migodi, alihamia Kenya na kulipata tena katika ardhi ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mnamo 1974, kampuni ya Tiffany ya New York ililitangaza duniani kwa jina la tsavoraiti. Tangu hapo, mawe kutoka maeneo kama Kasigau na Mwatate yamekuwa yakivalishwa pete katika miji ambayo wachimbaji wake hawajawahi kuiona.

Watu wengi huifahamu ganeti kuwa jiwe jekundu. Hii hupata ukijani wake kutokana na chembechembe za vanadi na kromi zilizoingia ndani yake mamilioni ya miaka iliyopita, miamba ilipokandamizwa na kuunguzwa chini ya ardhi. Ndiyo sababu wachimbaji huifuata miamba myeusi yenye grafiti. Kazi hiyo ni ya kubahatisha, kwani mkondo wa jiwe hukatika ghafla, na vipande vingi hupatikana vikiwa vimepasuka. Tsavoraiti safi inayozidi karati mbili, yaani chini ya nusu gramu, ni adimu.

Jicho pekee halitoshi kulitambua. Zumaridi, turmalini ya kijani na hata kipande cha chupa vinaweza kumhadaa mtu aliyezoea. Hata hivyo, vipimo havina utata. Kwenye refraktomita, chombo kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ndani ya jiwe, tsavoraiti husoma takriban 1.74 ilhali zumaridi husoma karibu 1.58. Aidha, tsavoraiti ni nzito kuliko zumaridi ya ukubwa huo huo kwa takriban thuluthi moja. Zumaridi na turmalini huugawa mwanga mara mbili. Ganeti haifanyi hivyo. Kioo nacho hakiugawi, lakini aghalabu hujifichua kwa viputo vya hewa vinavyoonekana kwa lenzi.

Kisha kuna suala la ubora. Ukijani uliokolea bila kufifia wala kukaribia weusi ndio unaotafutwa zaidi. Zumaridi nyingi hutiwa mafuta ili nyufa zisionekane, ilhali tsavoraiti kwa kawaida huuzwa ilivyotoka ardhini, ikishachongwa tu. Sifa hiyo ingepaswa kumnufaisha mchimbaji.

Lakini mchimbaji asiye na chombo wala cheti cha jiwe lake hana hoja mbele ya dalali. Anayelipima ndiye anayelipa jina, na anayelipa jina ndiye anayetaja bei. Mwenye njaa hawezi kuingoja kesho.

Kituo cha Vito mjini Voi kilijengwa na serikali ili kuziba pengo hili, mawe yapimwe, yachongwe na kuuzwa karibu na yanakotoka. Jengo lilipokamilika, lilikaa miaka kadhaa bila kufanya kazi iliyokusudiwa. Nchi jirani imeonyesha kuwa inawezekana. Mnamo Juni 2020, mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali ya Tanzania mawe mawili ya tanzanaiti kwa Sh7.8 bilioni za nchi hiyo, bei ikitangazwa hadharani. Si kila mchimbaji atapata bahati yake, ila kila mmoja anastahili mizani ya wazi.

Ni kweli kwamba ujuzi wa vito peke yake hautamaliza matatizo. Bridges mwenyewe, aliyelijua jiwe hili kuliko yeyote, aliuawa na kundi la watu karibu na Voi mnamo Agosti 11, 2009, kufuatia mzozo wa haki za uchimbaji. Watu wanne walihukumiwa kifungo mnamo 2014. Kadhalika, sehemu kubwa ya ardhi ya kaunti hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo, hivyo ile inayobaki hugombaniwa na wakulima, wafugaji na wachimbaji.

Sheria ya Madini ya 2016 inatenga asilimia 20 ya mrabaha kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii. Mgao huo, hata hivyo, hutegemea thamani iliyoandikwa. Jiwe likiuzwa kichakani kwa jina la kubahatisha, kaunti na jamii hukosa haki yao pamoja na mchimbaji.

Kwa hivyo, ufanisi wa kituo cha Voi usipimwe kwa uzuri wa jengo lake. Upimwe kwa idadi ya wachimbaji wanaotoka humo wakijua jina, uzani na ubora wa walichobeba mfukoni, kabla ya dalali kufungua kinywa.