Waliocheka Machozi Yangu

Mimi ni mtu mzima. Nina mke, watoto wanne na mvi ambazo sizifichi. Usiku mmoja wa mwaka 2023, katika kibanda umiza kimoja kando ya njia ya Kahama kwenda Geita, niliketi juu ya benchi la mbao nikatazama filamu ya Black Panther: Wakanda Forever, nikalia. Wala halikuwa chozi moja la kupangusa kwa kidole. Nililia kwa kwikwi, mabega yakitikisika. Asubuhi yake habari ilikuwa imefika kijiweni kabla yangu.

Aliyecheka kuliko wote ni mzee ninayemheshimu, mwalimu mstaafu. Nilipomwamkia, aliitikia, kisha akasema: "Nasikia umefiwa, mdogo wangu. Umefiwa na nani? Na katuni?" Akaongeza methali: "Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Sasa huko Wakanda wewe ni nani wa marehemu?" Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Sikumjibu siku ile, maana mkubwa hajibiwi mbele za watu. Namjibu leo, kwa heshima, lakini bila kumung'unya maneno.

Naanza na methali yake, kwa kuwa hiyo hiyo ndiyo inayomshinda. Katika filamu hii, mfiwa ndiye aliyeanza. Chadwick Boseman, aliyeigiza mfalme T'Challa katika filamu ya kwanza ya mwaka 2018, alifariki tarehe 28 Agosti 2020 kwa saratani ya utumbo mpana, akiwa na umri wa miaka 43. Ugonjwa huo aliubeba kwa miaka minne bila kuutangaza, huku akiendelea kufanya kazi. Wenzake walipotoa filamu ya pili mwaka 2022, hawakumtafuta mtu mwingine wa kukalia kiti chake. Waliuingiza msiba ndani ya hadithi. Kwa hiyo Lupita Nyong'o, binti wa majirani zetu wa Kenya, na wenzake walikuwa wakimlilia mtu waliyemjua, waliyekula naye. Mwanzoni kabisa picha za marehemu zinapita bila muziki. Yule kijana anayeingiza maneno ya Kiswahili, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata watu wanapobusiana, alinyamaza. Kibanda kizima kikanyamaza, wanaume watupu, vumbi la karasha lingali kwenye nyusi zao.

Na mimi ni nani wa marehemu? Haya, nitasema. Mwaka 2009 mdogo wangu alifia ndani ya duara huko upande wa Geita. Matimba yalikuwa yamelegea, kifusi kikashuka. Mimi nilikuwa karashani nikisubiri mawe yasagwe. Walipokuja kuniita, nilimkuta amekwisha funikwa turubai. Katika filamu, Shuri, dada yake T'Challa, yumo katika chumba chake cha utafiti akihangaika na dawa wakati kaka yake anakata roho, na habari inamfikia humo humo. Hakuwapo. Nami sikuwapo.

Tulimzika mdogo wangu. Wazee wakaniambia: mwanamume halii, jikaze, wewe ndiye mkubwa. Nikajikaza. Matanga yakaanuliwa, nikarudi kazini kwenye kilima kile kile, na nikaendelea kujikaza kwa miaka kumi na minne. Shuri naye hujikaza. Mama yake anamtaka achome nguo za msiba, naye anakataa. Anazichoma mwishoni, kule Haiti, akiwa peke yake ufukweni, baada ya kuonja kisasi na kuona hakimtulizi. Nilipouona moto ule, ndipo nami nilipoanua matanga ya mdogo wangu.

Wapo pia vijana wasomi walioniambia kuwa Wakanda haipo, na kwamba yote ni biashara ya kampuni ya Disney. Naafiki. Najua kwamba Black Panther alibuniwa Marekani mwaka 1966 na Stan Lee na Jack Kirby. Mtu aliyekulia kati ya Mwadui na Geita hahitaji kufundishwa kwamba hakuna Wakanda. Almasi ya waridi iliyopatikana Mwadui mwaka 1947 ilipelekwa Uingereza kuwa zawadi ya harusi ya Binti Mfalme Elizabeth, na hapakuwa na T'Challa wa kuuliza. Lakini mwenye kiu haulizi kikombe kilifinyangwa wapi. Hunywa kwanza.

Mwalimu alisema pia kwamba nikitaka mashujaa, hapa kwetu wapo. Ni kweli tupu. Mwaka 2015, pale Nyangalata wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi, wakiwa wameishi kwa kula mende na vyura. Tuliwashangilia, na walistahili. Lakini mwenzao mmoja alifia mle ndani. Ni wangapi kati yetu tuliomshangilia yule aliyepona tunaoweza kumtaja yule aliyekufa?

Hapo ndipo lilipo shauri langu, na si katuni. Kilio si udhaifu. Mtu anayelia kwa dhati hatimaye huuliza. Siku ya mazishi ya mdogo wangu, mwenye duara alileta jeneza na magunia mawili ya unga. Tulisimama tukamshukuru, wanaume wazima, macho makavu. Hakuna aliyemuuliza matimba yale yalikaguliwa lini. Mimi, kaka mtu, sikuuliza. Tulisema ni mipango ya Mungu, na wiki ile ile duara la jirani likashusha watu kwa matimba ya namna ile ile. Huko kujikaza kunakosifiwa vijiweni kumewafaa wenye maduara kuliko kulivyotufaa sisi wafiwa.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, shikamoo tena. Sikuombi radhi kwa machozi yale. Naomba radhi kwa yale niliyoyazuia mwaka 2009. Na siku filamu ile ikirudishwa kibandani, kiingilio chako nitalipa mimi. Tutakaa benchi la nyuma, mahali penye giza.