Chapa ya Chuki Haijibu Hoja

Kila uchaguzi unapokaribia nchini Kenya, husikika kutoka mimbarini na katika studio za televisheni kwamba mwanasiasa akishapigwa chapa ya uchochezi, mpigakura mwenye shaka atamkimbia. Imani hiyo, ambayo hurudiwa na watu wenye elimu ya kutosha kuutambua udhaifu wake, haina mashiko.

Sheria ya mwaka 2008, iliyotungwa baada ya ghasia zilizoua watu zaidi ya 1,100, inahusisha matamshi ya chuki, yaani maneno ya vitisho au matusi, na uchochezi wa uhasama wa kikabila, na mpaka huo unafaa. Seneta Mithika Linturi alipozungumzia kuondoa "madoadoa", neno lililotumiwa kuwaita watu wa makabila mengine, mjini Eldoret Januari 2022, karibu na Kiambaa ambako watu waliteketezwa kanisani mwaka 2008, alikamatwa, na hilo lilikuwa jambo la mahakama. Lakini Aprili, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitia katika orodha moja ya maneno ya chuki, pamoja na neno hilo, msemo wa Sheng "hatupangwingwi", yaani hatupangiwi la kufanya, uliovuma kutokana na wimbo wa vijana. Madoadoa na ngoma, kapu moja!

Athari ya kutumia chapa hiyo ovyo ilionekana dukani. Pakiti ya unga ya kilo mbili ilipopita shilingi 200, kambi ya mgombea urais William Ruto iliwaambia mahasla, yaani wachuma riziki kwa jasho, kwamba nchi imeshikwa na koo chache za kitawala, na wapinzani wake, badala ya kujibu kuhusu unga, wakauita usemi huo uchochezi wa kitabaka. Mama aliyekuwa akihesabu sarafu mbele ya kaunta alielewa kwamba malalamiko yake yamegeuzwa kosa. Serikali iliposhusha bei hadi shilingi 100 mwezi Julai, zilisalia wiki chache tu kabla ya uchaguzi, na Ruto akashinda kwa asilimia 50.49, huku zaidi ya theluthi moja ya waliojiandikisha wakikaa nyumbani.

Wapo wanaoonya kwamba pasipo chapa hiyo nchi itaungua, kana kwamba mchoma nyumba husubiri orodha ya tume ndipo ajue petroli ni nini. Wengi wao ni wachungaji walewale ambao Jumapili humwachia mwanasiasa kipaza sauti, na Jumatatu hutoa taarifa ya kukemea alichokisema.

Kabla mwaka huo haujaisha, Linturi alikabidhiwa Wizara ya Kilimo, yenye dhamana ya mahindi.